Bei Nafuu na Haki ya Jirani

Bismillahi Rahmani Rahim. Katika darsa zetu limezuka swali ambalo kwa sura yake ni la sokoni, walakini kwa hakika yake ni la dini na tabia. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye na duka la jirani karibu na mlango wake, naye akapata bidhaa zile zile kwa bei ya chini katika duka kuu la mjini, je, ana lawama akimpita jirani yake na kwenda kununua kule? Na mwenye duka kuu naye, ana lawama akiuza kwa bei ambayo mdogo hawezi kuifikia?

Swali hili si la kupitisha wakati. Miji yetu ya pwani, kama vile Mtwapa, Kilifi, Malindi na Ukunda, ambako zamani mtu alipata mahitaji yake yote katika maduka ya mtaani na sokoni, leo ina maduka makuu, yale yaitwayo supamaketi, yenye majokofu, mataa na bei zilizoandikwa. Wenye maduka madogo wanung'unika, na wanunuzi wafurahi. Na baina ya manung'uniko na furaha haki yapotea, kwa sababu kila mmoja aitazama kwa upande wa mfuko wake.

Twasikia kauli mbili. Ya kwanza yasema kwamba kununua kwa wakubwa ni kuwaua ndugu zetu, na kwa hivyo ni haramu. Ya pili yasema kwamba biashara ni biashara, soko halina udugu, na asiyeweza kushindana na afunge mlango wake. Sisi twaona kauli zote mbili zina upungufu. Ya kwanza yaharamisha pasi na dalili, na kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni jambo zito. Ya pili yaitoa biashara nje ya dini, kana kwamba mja akifika sokoni huuvua Uislamu wake na kuuacha nje, kama avuavyo viatu mlangoni mwa msikiti.

Kabla ya kuhukumu, na tuijue hali ilivyo. Duka kuu huuza rahisi kwa sababu hununua kwa malori, moja kwa moja kutoka viwandani, na mwenye kununua vingi hupewa bei ya vingi. Kisha aghalabu halilipi papo kwa papo, bali huuza bidhaa kwanza na kumlipa mwenye mali baada ya majuma au miezi. Tena huweza kushusha bei ya sukari au unga hata kukosa faida, ili mnunuzi aingie ndani, kisha likafidia kwa sabuni, biskuti na vyombo. Mwenye duka dogo hana hata moja katika haya. Yeye hununua magunia machache kwa muuzaji wa jumla, hulipa taslimu, na kila mkono uliopitia bidhaa hiyo kabla yake umekwisha kuchukua faida yake.

Lakini duka dogo lina kazi ambayo duka kubwa haliifanyi. Hupima robo ya sukari, huuza mafuta ya kupikia ya shilingi 20, hufungua baada ya sala ya Isha mtoto apatwapo na homa, na huandika katika daftari jina la mtu asiye na kitu mpaka mwisho wa mwezi. Ni kweli kwamba masikini hununua kwa ghali. Tuseme chupa ya mafuta ya lita moja ni shilingi 300, na kipimo cha mililita 50 ni shilingi 20. Basi anunuaye kwa kipimo hulipa shilingi 400 kwa lita ile ile. Walakini yule mwenye shilingi 20 mkononi, bei ya chupa nzima yamfaa nini? Bei nafuu ya duka kuu ni nafuu kwa mwenye fedha za kununua chupa, na nauli ya kwendea, au gari la kubebea. Jambo hili tulishike vyema, kwani ndilo msingi wa maneno yetu yajayo.

Sasa tuje kwenye sheria. Asili ya biashara katika Uislamu ni uhuru na kuridhiana. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba bei zilipanda Madina katika zama za Mtume (S.A.W.), watu wakamwomba awawekee bei, naye akakataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa yuko mtu mwenye kumdai dhuluma ya damu au ya mali. Na Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina bila ya kitu, akatolewa nusu ya mali na ndugu yake wa Kiansari, yeye alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Alikuwa mgeni, akaingia katika soko la wenyeji, na wala hakuna aliyemfukuza kwa kuwa ni mgeni. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba mtu wa nje haruhusiwi kufungua duka katika mji wetu, huyo hana la kushika katika dini, hata likimpendeza nafsi yake.

Na juu ya kuuza chini ya bei ya wenzako, yako mapokezi mashuhuri. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimpitia Hatib bin Abi Baltaa sokoni akiuza zabibu kwa bei isiyolingana na ya wenziwe, akamwambia ama aipandishe bei ama aondoe bidhaa yake katika soko. Imamu Malik ameyatia haya katika Muwatta. Lakini Imamu Shafii, ambaye wengi wa watu wa pwani twafuata madhehebu yake, ameyapokea pamoja na mwisho wake: ya kwamba Umar alijihesabu nafsi yake, akamwendea Hatib nyumbani kwake na kumweleza kuwa yale hayakuwa hukumu wala amri, ila ni jambo alilowatakia watu wa mji kheri, basi na auze apendavyo. Na katika mapokezi hayo mmetajwa sababu ya maneno yake ya kwanza, nayo ni msafara wa zabibu uliokuwa ukija kutoka Taif, ambao wenyewe wangeifuata bei ya Hatib.

Tazama, ndugu msomaji, busara iliyomo humu. Umar hakusahau wale wachukuzi walioko njiani, ambao bei ya mtu mmoja sokoni ingewavunja kabla hawajafika. Wala hakusahau kwamba Hatib ana haki katika mali yake. Akatoa nasaha kwa ajili ya wale, kisha akaiondolea nasaha hiyo nguvu ya amri kwa ajili ya huyu. Nasi kutokana na haya twajifunza kwamba kuuza rahisi si haramu kwa dhati yake, na pia kwamba kiongozi mwenye insafu haoni aibu kuuliza: bei hii yamvunja nani?

Bali uhuru wa soko wakoma pale ianzapo dhuluma. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake cha Hisba, amepambanua baina ya bei iliyopanda au kushuka kwa kadari ya Mwenyezi Mungu na wingi au uchache wa vitu, na bei iliyotokana na watu kuwabana wenzao. Ya kwanza huachwa, na ya pili mtawala ana haki ya kuingia kati. Na katika biashara ya maduka makuu twaona milango miwili ya dhuluma ambayo yafaa kuitaja.

Mlango wa kwanza ni kumwonea mwenye kuleta bidhaa. Mwezi wa Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ambayo ndiyo iendeshayo maduka ya Carrefour hapa nchini, faini ya kiasi cha shilingi bilioni 1.1, kwa kutumia vibaya nguvu zake juu ya wauzaji wawili. Mmoja ni kampuni ya asali, na mwingine ni Pwani Oil, kampuni ya mafuta na sabuni ya pwani yetu hii. Mamlaka ilisema wauzaji hao walikatwa punguzo la fedha lisilo la haki, wakarudishiwa bidhaa, na wakatakiwa walete wafanyakazi wao kuhudumu katika duka. Kampuni iliupinga uamuzi huo na kukata rufaa. Sisi si mahakimu wa kesi hiyo. Twaitaja ili msomaji ajue kwamba bei ndogo iliyobandikwa juu ya rafu yaweza kuwa imelipwa na mtu mwingine asiyeonekana. Na tena ili pasiwe na mwenye kudhani kwamba mali ikitoka Dubai, au ikimilikiwa na Mwislamu, imekwisha kusafika. Mizani ya haki haiulizi jina la mwenye duka.

Mlango wa pili ni kuwaondoa wadogo sokoni, kisha mkubwa naye akaondoka. Makusudi ya nyoyo hatuyajui, hayo yako kwa Mola wake. Lakini matokeo yaonekana kwa macho. Huko Marekani, Sam Walton alifungua duka la kwanza la Walmart mwaka 1962 katika mji wa Rogers, jimbo la Arkansas, na kampuni yake ikakua kwanza kwa kuingia katika miji midogo. Januari 2016 kampuni hiyo ilitangaza kufunga maduka 269 duniani, 154 kati yake yakiwa Marekani kwenyewe. Mojawapo lilikuwa katika mji mdogo wa Oriental, jimbo la North Carolina, nalo lilikuwa limefunguliwa mwaka 2014 tu. Katika muda huo mfupi duka la chakula la wenyeji, lililowahudumia kwa miongo mingi, lilishindwa na kufungwa mwaka 2015. Basi duka kubwa likafuata kufungwa, na watu wa mji wakabaki wenye kukosa la kale na jipya. Duka jingine lilikuwa Kimball, katika wilaya ya McDowell, jimbo la West Virginia, nchi ya machimbo ya makaa. Lilifunguliwa 2005, likafungwa 2016, katika wilaya ambayo ajira zilikwisha kuwa haba.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya mbali. Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro la Nakuru, ilitanda Kenya nzima mpaka Mombasa, na watu wakadhani kwamba ni jabali lisiloondoka. Kufikia mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, na Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni yapitayo shilingi bilioni 30. Miongoni mwa waliodai walikuwa wenye viwanda vidogo na wauzaji wa kawaida, waliotoa mali yao kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Shoprite ya Afrika ya Kusini nayo iliingia Kenya mwaka 2018, ikafungua hata Nyali, na mwaka 2020 ikatangaza kwamba yaondoka. Kampuni huhesabu faida, na hesabu isipokuja sawa hufunga mlango na kwenda zake. Mwenye duka la mtaani hana pa kwenda. Makaburi ya wazee wake yako hapa, na watoto wake wasoma chuo kimoja na wetu.

Sasa twamgeukia mnunuzi, kwani ndiye aliyeulizwa katika swali letu, na ndiye ambaye watu humwonea haya kumwambia kweli. Iko desturi iliyoenea katika miji yetu, nayo ni hii. Mshahara utokapo, mtu huchukua fedha zake taslimu akaenda duka kuu, akajaza mifuko. Fedha zikisha, tarehe kumi au kumi na tano, humtuma mtoto kwa jirani na kusema: mwambie aandike. Mwezi ukiisha, hupita mbele ya duka lile lile kwa haraka, akielekea tena kule penye bei nafuu, na daftari bado lina jina lake. Fedha ni za yule, na deni ni la huyu! Huyu jirani amefanywa kuwa benki isiyo na faida, na kila daftari lijazwapo ndivyo rafu zake zipunguavyo, kwa kuwa yeye kwa muuzaji wa jumla haandikiwi.

Juu ya hili hatuna shaka wala hatutafuni maneno. Kununua kule ni mubaha. Lakini kumwacha mdai wako akingoja hali fedha unazo, na kuzipeleka kwa mwingine, ni dhuluma. Mtume (S.A.W.) amekuhesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni katika dhuluma, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Kulipa deni ni fardhi ya kila mtu nafsi yake. Asiye na uwezo, huyo ana haki ya kungojewa mpaka apate wasaa. Maneno yetu ni kwa yule aliye nao.

Bado imebaki sehemu ya swali. Je, yule asiyedaiwa, aliyelipa kila kitu, naye ana jukumu lolote kwa duka la jirani? Sisi twaona analo, nalo si la fardhi ya nafsi bali ni mfano wa fardhi ya kifaya. Wanavyuoni, na miongoni mwao Imamu Ghazali katika Ihya, wamehesabu kazi ambazo maisha ya watu hayasimami ila kwazo, kama ukulima, ufumaji na ushoni, kuwa ni fardhi ya kifaya: wakifanya baadhi, wengine wamesalimika, zikiachwa na wote, dhambi huwaenea. Basi katika mtaa wenye wajane, wazee na vibarua wa kutwa, ambao hawawezi kununua ila kwa robo na kwa kipimo, duka la karibu ni katika mambo hayo. Wenye uwezo wakihama wote kwa pamoja, kila mmoja akisema mimi mmoja sipunguzi kitu, duka hufa. Na watakaoumia si wale waliohama, bali ni wale ambao bei nafuu haikuwa yao tangu awali. Ikiwa mwenye gari amepata nafuu ya shilingi mia mbili kwa mwezi, na mjane wa nyumba ya pili amekosa pa kununulia mafuta ya taa usiku, ni nani hasa aliyelipa mia mbili zile? Kwa hivyo twamnasihi mwenye wasaa asiyapeleke manunuzi yake yote mahali pamoja. Na anuie kwa kile anachozidisha kwa jirani kuwa ni ihsani, nayo ihsani haipotei.

Tukisema hivi, tusije tukamfanya mwenye duka dogo kuwa malaika. Wako wanaolalamika juu ya duka kuu, na huku mizani yao imefungwa kitu chini. Wako wauzao biskuti zilizokwisha muda wake, na maziwa yaliyochachuka, na mtoto akirudishwa na bidhaa hutukanwa. Wako ambao bei yao hutegemea uso wa mnunuzi, mgeni ghali na mwenyeji rahisi. Wako waongezao juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa, na hiyo ni riba, hata ikiitwa jina gani. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini imelowa, akakataa kwamba mwenye kughushi ni katika sisi. Duka kuu laandika bei mbele ya kila mtu, na mizani yake yaonekana. Mtu akilikimbilia kwa kutafuta amana, huyo hakukosa, bali waliokosa ni wale waliomfukuza. Haki ya ujirani haitetei udanganyifu.

Na liko jingine, ambalo ni ugonjwa wetu wa zamani: kila mmoja peke yake. Katika mtaa mmoja mna maduka kumi, na wenyewe wote kumi wanunua sukari ile ile kwa muuzaji yule yule, kila mmoja gunia lake na nauli ya mkokoteni wake, kisha wachunguliana nani amepunguza shilingi. Wangelichanga mitaji yao, wakaandikiana kwa haki, wakanunua kwa lori moja na kugawana, wangeliikaribia bei ya mkubwa bila ya kuomba huruma ya mtu. Ushirika umo katika vitabu vya fiqhi tuvisomavyo kila mwaka, mlango mzima, na masharti yake yajulikana. Kwa nini mlango huo husomwa msikitini na haufunguliwi sokoni? Kadhalika mirathi: mara ngapi duka zuri limekufa mwaka mmoja baada ya mwenyewe, si kwa ushindani, bali kwa sababu hapakuwa na hesabu iliyoandikwa, na warithi wakagombana mpaka mali ikaisha?

Basi jawabu letu kwa muhtasari ni hili. Mwenye duka kuu ana ruhusa ya kuuza rahisi, maadamu hakumdhulumu aliyemletea bidhaa wala hakuikusudia bei kuwa ni mtego. Na ni wajibu wa serikali kumchunga, kama ilivyokuwa kazi ya muhtasibu katika masoko ya Kiislamu. Mnunuzi ana ruhusa ya kwenda atakapo, baada ya kulifuta jina lake katika daftari. Na mwenye wasaa ana amana juu ya duka ambalo dhaifu wa mtaa wake hana jingine. Na mwenye duka dogo ana haki ya ujirani, akiitimiza kwanza amana ya mizani.

Kuanzia mwezi huu, kabla ya kushika njia ya mjini na mfuko mtupu mkononi, kila mmoja wetu na apite kwa jirani, aulize daftari lasema nini, alipe, kisha aende. Hilo halihitaji fatwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake tunaomba taufiki.